Sanda ya Bi Thomasine

Jumatatu moja ya Julai, jua linawaka na paa halina hata tundu, Bi Thomasine Pargeter alifungua sanduku lake la nguo akakuta sanda yake imeloa. Nguo nyingine zote zilikuwa kavu. Aliinusa, akasikia harufu ya tope na baruti. Akaja kuniita nami ninuse, maana tulikuwa majirani wa ukuta kwa ukuta, tumeazimana chachu na kugombana miaka ishirini. Nilimwambia ni panya. Panya gani anayenuka baruti, sikujua, lakini mtu akiogopa husema lolote.

Kwetu kila mwanamke anayejiheshimu hufuma sanda yake mwenyewe akishaolewa, ya kitani cheupe, akaiweka chini kabisa ya sanduku mpaka siku yake ifike. Ya Bi Thomasine ilikuwa nzuri kuliko zote kijijini, na alijua hivyo, akaringa. Ila upande mmoja ilikuwa imechanwa, na aliyeichana ni yeye mwenyewe.

Sababu ni hivi vita vyao. Mfalme na Bunge waligombana kuhusu kodi, kuhusu sala, na kuhusu nani ana neno la mwisho katika nchi. Sisi hatukuulizwa. Mfalme akaikimbia London, akasimamisha bendera yake Nottingham; Bunge likabaki na mji mkuu, bandari na fedha; na kila mtu akaapa kuwa mambo yangekwisha kabla ya Krismasi. Bi Thomasine, mjane wa watu, alikuwa na watoto wawili tu. Gervase, mkubwa, alikwenda kwa Mfalme kwa sababu mwenye ardhi aliwaita wapangaji wake, na yule bwana humkatalii. Josias, mdogo, fundi viatu, alikwenda kwa Bunge baada ya kusikiliza mahubiri mawili matatu sokoni. Waliondoka wiki ileile, kila mtu na njia yake. Majeshi yenyewe hayakuwa na sare ya kueleweka, basi mama akachana vipande viwili vya sanda, akashona kimoja kwenye kofia ya kila mwanawe.

"Mkikutana huko mtajuana," aliwaambia. "Ukiona kitambaa hiki, usipige."

Tulimsifu kwa akili hiyo. Hata mimi nilimsifu, Mungu anisamehe.

Mwaka wa kwanza Mfalme alikuwa juu. Wa pili Waskoti wakashuka kulisaidia Bunge. Wa tatu Bunge likaunda jeshi jipya lenye nidhamu, na Juni ile pande mbili zikakutana kwenye kilima kilicho mwendo wa nusu siku kutoka kwetu. Tulisikia mizinga tukiwa kondeni tunakata majani ya ng'ombe. Wiki tatu baadaye Josias alirudi, mkono umefungwa, kofia kichwani. Gervase hakurudi. Josias alisema hakumwona. Siku ya pili yake ndipo sanda ilipoloa.

Mama aliianika, akaikunja, akairudisha sandukuni. Kesho yake akaikuta sakafuni, imeloa tena. Siku iliyofuata ilikuwa katikati ya chumba, inaelekea mlangoni. Akaiokota, akaianika. Ikawa kila adhuhuri, saa ya chakula, mbwa anatoka mbio mkia chini, halafu nyumba inakuwa baridi. Siku moja nilikuwa nimekaa pale mezani nikaisikia mwenyewe, miguu mitupu ikishuka ngazi polepole, imejaa maji, inagandamana na mbao na kubanduka, ikapita nyuma ya kiti changu na ile harufu ya baruti ikapita nayo, ikaenda hadi kwenye kiti cha Gervase ambacho hakuna aliyekikalia tangu aondoke, ikasimama, na sisi watatu tukiwa tumeshika vijiko hakuna aliyethubutu kugeuka, mpaka tukasikia kifuniko cha sanduku kule juu kikifunguka taratibu kama mtu anayeogopa kuamsha watoto.

Josias ndiye aliyetutia hofu zaidi. Hakula. Alitetemeka mchana kutwa mbele ya moto, Julai ile, midomo imekuwa ya buluu, na ukimshika mkono unahisi udongo. Bi Thomasine aliniambia wazi kwamba mmoja ameshapotea, na huyu naye akimtoka, yeye hataki tena kuitwa mama wa mtu.

Kasisi wetu alikuwa amefukuzwa na askari wa Bunge. Basi tukamwita Barnaby Tull, mganga, anayetibu ng'ombe na kutafuta vitu vilivyoibwa. Alikuja adhuhuri, akasimama kwenye ngazi akanusa. Hakuchoma kitu, hakusoma kitu. Alimuuliza mama huwa anafanya nini akiikuta sanda imeloa.

"Naianika. Nairudisha."

"Basi kila siku anakuomba, na kila siku unamnyang'anya," alisema. "Huyu hataki damu, mama. Ana baridi. Na hatakwenda peke yake kama kuna jambo lake linalofichwa hapa."

Hakumtazama Josias, lakini Josias aliinama, akaanza kusema kwa sauti ndogo, tukasogea kumsikia.

"Asubuhi ile wakubwa wetu walitoa amri. Kila mtu aweke kitu cheupe kofiani, karatasi, leso, chochote, tujuane na adui. Mimi nilikuwa nacho tayari."

"Na yeye alikuwa nacho," mama akasema.

"Alikuwa katikati ya watu wa Mfalme, mama. Wenzake wakakiona. Wakadhani ni mtu wetu amejipenyeza. Walimpiga kwa vitako vya bunduki, naye anawatajia jina lake. Nilikuwa hatua ishirini. Nilitaka kumwita, nikaogopa wangu wangejua nina ndugu upande ule. Nikanyamaza. Jioni waliwavua nguo wafu wote, wakawatia shimoni, ndani ya tope."

Bi Thomasine hakulia. Alikaa akivitazama vile vidole vyake vilivyofuma kitani kile, akasema, "Mimi ndiye niliyemtia alama."

 

Kesho yake tulikwenda kilimani kwa mkokoteni, mimi, mama, mwana na mganga. Shimo lilikuwa limeshaota magugu. Barnaby alimwambia Josias afanye tu lile aliloshindwa kulifanya. Kijana akavua kofia, akakibandua kitambaa chake, akakitupa pale, akaita. "Gervase!" Aliita mara tatu, ya tatu sauti ikakatika. Mama akaitandaza sanda yote juu ya udongo, akaipapasa kingo kama anayemfunika mtoto. Hatukuigusa tena. Ilizama yenyewe, taratibu, katika udongo mkavu, pindo la mwisho likaingia, na pakabaki magugu. Njiani kurudi Josias aliomba mkate.

Nyayo hazikusikika tena. Miaka mitatu na nusu baadaye Mfalme alishindwa kabisa, akahukumiwa, akakatwa kichwa siku ya baridi kali ya Januari. Kijijini wengine walilia na wengine walicheka. Bi Thomasine aliuliza tu kama walimfunika vizuri. Yeye mwenyewe alikataa kufuma sanda nyingine, tulimsihi hadi tukachoka. Alisema ya kwake ameshaitoa.

Alifariki Machi ya mwaka uleule. Josias alileta magunia mawili matupu ya unga, akayaosha, tumvike hayo, na mimi nikapanda juu kutafuta walau kitambaa cha kichwa. Nikafungua sanduku. Sanda ilikuwamo, imekunjwa kwa ukunjaji wa Bi Thomasine. Niliifunua kitandani. Ilikuwa nzima, na vile vipande viwili vimerudishwa mahali pake, vimeshonwa kwa uzi mweusi mnene, mshono wa mwanamume asiyejua kushona. Kimoja nilikiona kwa macho yangu kikitupwa kule kilimani. Cha pili kilikuwa na doa lililofuliwa sana, likabaki na rangi ya kutu.

Yote ilikuwa imeloa. Niliichukua niikaushe kwenye moto, Josias akanishika mkono.

"Usiianike," alisema.

Tukamvika hivyo hivyo.