Mizani Ilipogoma

Kalondu, mke wa Nzioka, alikuwa fundi wa nguo pale Kwa Vonza. Cherehani yake ilikaa kwenye veranda ya duka, na yeye alikaa nayo tangu asubuhi mpaka jioni. Chai ilimfuata hapo hapo alipo, na mandazi, na saa saba sahani ya mahindi na maharagwe yaliyokaangwa kwa mafuta mengi. Alikuwa mnene, na hakuna aliyemsema kwa hilo. Mke mnene alikuwa sifa ya mumewe. Ndivyo tulivyoamini sote, na tuliamini vibaya.

Mwaka 1993 dada yake, Ndululu, alikatwa mguu kwa sababu ya ugonjwa wa sukari. Kidonda kilikuwa kimeoza. Miezi minne baadaye alikufa, na Kalondu ndiye aliyemwosha. Alipofika kwenye goti, pale mguu ulipoishia, mikono yake ilikataa kuendelea.

Baada ya mazishi alikwenda mwenyewe kituo cha afya kupimwa. Mkojo wake ulikuwa na sukari nyingi. Mizani ilisema kilo tisini na nane.

Muuguzi wa kliniki ya Jumanne aliitwa Mumina, binti wa mfanyabiashara wa mifugo kutoka upande wa Garissa. Alimpa Kalondu vidonge. Akamwambia apunguze mafuta, aache sukari kwenye chai, na aende sokoni kwa miguu badala ya kubebwa kwa baiskeli ya Nzioka. Kalondu alisikiliza kama mtu anayesomewa hukumu. Alitaka jambo moja tu, asikatwe mguu kama dada yake.

Alijitahidi sana. Kwa miezi mitatu akapungua kilo nane. Akazikata gauni zake mwenyewe na kuzishona upya, na akawa anaingoja Jumanne kwa hamu.

Halafu mizani ikagoma. Jumanne moja ilisema kilo tisini. Jumanne ya pili, tisini. Ya tatu, ya nne, ya tano, tisini. Kalondu alishuka, akapanda tena, akavua hata kitambaa cha kichwa. Tisini. Foleni ya wagonjwa ilikuwa ndefu. Mumina alipima mkojo wake, akaandika kwenye kadi, akamrudishia, akamwita mwingine.

Huko nje midomo ya watu ilikuwa na kazi. Miaka ile, mtu akikonda, hakuna aliyeuliza kama ana sukari. Watu walisema ni ukimwi, kisha wakaanza kutafuta aliyemwambukiza. Kaluki, mama aliyesali naye kanisani, alikuja kuchukua kitambaa chake kabla hakijakatwa. Alisema ameghairi. Hakumtazama Kalondu usoni, na kiti alichopewa hakukikalia. Wiki hiyo wateja wengine wanne walikuja wakafanya hivyo hivyo. Kalondu aliumia kiasi kwamba hakuweza kutunga uzi kwenye sindano.

Walipokuwa wakila, Nzioka alimwita mkewe kwa jina la mtoto wao, akasema yaliyokuwa moyoni.

"Mama Nthenya, watu wanasema uko na ile ugonjwa. Hata mimi wananiangalia vibaya. Kula tu, urudishe mwili yako."

"Na sukari?"

"Si hata mizani imekataa? Hii mwili imeshazoea dawa. Unajinyima bure."

Maneno hayo ni matamu kwa mtu aliyechoka, na Kalondu alikuwa amechoka. Alikula chapati tatu. Jumanne hakwenda kliniki, na vidonge vilipokwisha hakufuata vingine. Miezi minne ilipopita, kilo zote nane zilikuwa zimerudi. Wateja nao walirudi. Kaluki alileta kitambaa kile kile, akamwambia kwamba sasa amependeza.

Siku moja msumari wa akala, viatu vyake vya tairi la gari, ulimchoma kidole cha mguu, na hakuusikia. Sukari ilikuwa imeua hisia za nyayo zake. Alijua tu alipoona damu kwenye pedeli ya cherehani. Akafunga kidole kwa kipande cha kitambaa, akaendelea kushona. Wiki ya pili kilianza kutoa harufu. Kalondu aliijua harufu ile, maana alikuwa ameuguza mtu mwenye nayo.

Hospitalini walikata vidole viwili. Daktari alisema kwamba angechelewa wiki moja zaidi, wangekata mguu.

Jumanne iliyofuata Nzioka alimpeleka kliniki kwa baiskeli. Mumina alipoiona bandeji aliacha kuandika. Aliomba kadi ya zamani, akaiweka mezani mbele ya wote wawili.

"Ona hapa, mama. Hizi wiki tano kilo zilisimama. Sasa angalia hizi misalaba ndogo hapa chini. Hiyo ni sukari kwa mkojo. Wiki ya kwanza ni tatu. Hapa ni mbili. Hapa ni moja. Wiki ya tano hakuna."

Kalondu aliitazama kadi. Ilikuwa nyumbani kwake muda wote huo, ndani ya Biblia, na hakuna aliyewahi kumwambia maana ya misalaba ile.

"Kwa hivyo dawa ilikuwa inafanya kazi?"

"Ilikuwa inafanya. Na wewe ulikuwa unafanya. Karibu kila mtu anayepungua hufika mahali mizani inasimama. Nilijua hivyo, na sikukuambia. Hayo ni makosa yangu."

Nzioka aliinamisha kichwa. Yeye pia alikuwa na makosa yake, na aliyajua.

Mumina akawaeleza. Punda aliyezoea kubeba mitungi minne ya maji, akibebeshwa mitatu, hachoki kama zamani. Mwili ni hivyo hivyo. Ukipungua, kazi ya kuubeba inapungua, na chakula unachohitaji kinapungua pia. Chakula kile kile kilichompunguza mtu mwanzoni sasa kinamtosha, kwa hiyo anabaki palepale. Mwili haujazoea dawa, na hakuna anayepaswa kuacha vidonge bila kuuliza.

Kisha akamuuliza Kalondu zile wiki tano alikula nini hasa. Kalondu alificha kidogo, halafu akasema kweli. Kijiko kimoja cha sukari kilikuwa kimerudi kwenye chai. Sahani ilikuwa imeanza kujaa tena. Na siku za jua kali alikuwa akipanda baiskeli. Mumina hakumgombeza. Alisema asishinde njaa, ila nusu ya sahani iwe mboga za kunde. Akishona kwa saa moja, asimame anyooshe mwili. Akitaka kujua kama anapungua, ajipime pia kiuno kwa utepe wake wa kazi, maana kiuno hupungua hata kilo zikisimama. Avae viatu vya kufunika, na akague nyayo kila siku. Kutembea kungengoja kidonda kifunge.

Kilichukua miezi mitatu kufunga. Nzioka alikisafisha kila asubuhi, na yeye mwenyewe akaacha sukari kwenye chai. Kalondu akaanza kutembea, akichechemea. Alipokonda tena, maneno yalianza upya, na Kaluki, aliyekuwa ameleta kitambaa kingine, akakichukua bila kushonwa. Kalondu alilia siku hiyo. Alipomaliza kulia alikwenda kuchukua vidonge.

Alipofika kilo tisini na moja, mizani ikagoma tena. Wiki ya sita Nzioka alimngoja nje ya kliniki, ameshika baiskeli.

"Imeshuka?"

"Haijashuka."

Nzioka aliangalia kadi mkononi mwa mkewe.

"Na misalaba?"

"Hakuna hata moja. Na kiuno imepungua inchi mbili. Nitarudi Jumanne."

Nzioka aligeuza baiskeli ili apande. Kalondu alipita kando yake, akashika njia ya nyumbani kwa miguu, na mumewe akamfuata nyuma akiisukuma.