Hodi Zisizoitikiwa

Treni ya angani ilipita juu ya soko ikinguruma, mashine za kukoboa zikapiga kelele, wauza nyanya wawili wakarushiana maneno mazito. Katikati ya vurugu hiyo, Bi Zamoyoni Mkude alimsikia muuza ndimu peke yake, kwa utulivu kabisa, kana kwamba wamekaa sebuleni. Aliyefanya kazi hiyo alikuwa Mteuzi, kisikizi kidogo kama punje ya mtama, kilichojificha ndani ya tundu la sikio lake.

Morogoro nzima ilivaa Mteuzi miaka hiyo, na aliyemuunda alikuwa Bi Zamoyoni mwenyewe, mhandisi mstaafu. Visikizi vya zamani vilikuwa na kazi tatu tu: maikrofoni inadaka sauti, kikuza sauti kinaipa nguvu, spika ndogo inaimwaga sikioni. Vingine vilikaa nyuma ya sikio na kimrija chao, vingine vilichomekwa ndani, vingine vilitikisa mfupa wa kichwa. Waliokuwa viziwi kabisa walipandikizwa nyaya mpaka kwenye ule mfereji wa ndani ya sikio uliojiviringa kama konokono. Vilisaidia, lakini neno la mtu liliingia pamoja na mlio wa sufuria. Mteuzi alikuwa na kanuni fupi. Sauti ambayo mvaaji anaiitika, aiinue. Asiyoiitika, aishushe. Asipoiitika tena na tena, aifute.

Wanasema mganga hajigangi. Yeye alijiganga, masikio yake yalipochoka kwa kelele za kiwandani, akavaa alichokiunda, akakisifu kuliko wateja wote.

Ila nyumbani kwake, ghorofa ya saba, kimya kilikuwa na vituko vyake. Simu ililia, akapokea, pasiwe na mtu. "Haloo? Nani?" Hakuna. Akakata. Na Ijumaa alasiri, mara nyingi, aliona kivuli cha miguu chini ya mlango. Kilisimama kidogo, kisha kikaondoka. Alipopata ujasiri wa kufungua, ukumbi ulikuwa mtupu. Alijua kila waya wa mitambo ya mji ule, na bado aliogopa kama mtoto, akasoma Ayatul Kursi, akaamini ni mzimu wa marehemu mumewe.

Kengele hakuwa nayo. Aliing'oa. Mtu mwenye adabu, alisema, hupiga hodi kwa kinywa chake, mara tatu, na asipoitikiwa huenda zake.

Hodi aliyoingoja ilikuwa moja tu, ya Mwamvita, binti yake wa pekee. Waligombana miaka mingi nyuma, Mwamvita akiwa na miaka ishirini, kwenye matanga ya baba yake. Mwamvita alisema mbele ya waombolezaji, "Baba alikuita mpaka sauti ikamkauka. Wewe ulikuwa kiwandani unawasikiliza wageni." Bi Zamoyoni akaapa: huyu akija kwangu sitaitika, na jina lake asilitaje mtu mbele yangu. Ndugu wakalishika neno hilo. Ijumaa iliyofuata Mwamvita alikuja, akapiga hodi tatu. Mama alikaa kitini, midomo ameikaza, Mteuzi mpya sikioni. Ijumaa ya pili vivyo hivyo. Zikapita nyingine chache, kisha hodi zikakoma. Hasira ilikwisha muda mrefu. Kilichobaki ni aibu, na mwanamke yule mwenye majivuno akawa anaomba kila siku binti yake apige hodi moja tu, aone kama hataitikiwa.

Ijumaa moja Mteuzi aliingiwa na jasho. Bi Zamoyoni akamweka kwenye kisanduku cha kukaushia, na ili asikae kiziwi mchana kutwa, akavaa kisikizi cha zamani cha nyuma ya sikio. Kikapiga mluzi. Jokofu likavuma, mabomba yakagugumia, mtoto wa jirani akalia. Nyumba iliyojaa namna hii! Alikuwa karibu kukivua alipokiona kivuli chini ya mlango.

"Hodi."

Ilikuwa sauti ya Mwamvita. Ileile ya msichana wa miaka ishirini, haijazeeka hata kidogo.

"Hodi humu ndani."

Akainuka kitini.

"Hodi."

"Karibu!" alipiga ukelele. "Karibu, karibu, usiondoke!"

Aliyeingia alikuwa binti mwembamba, kitenge mabegani, mwenye uso wa mtu aliyeitikiwa asipotarajia.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Wewe nani?"

"Zamoyoni."

"Hilo ni jina langu."

"Ndiyo, wewe ni somo yangu. Mama yangu, Mwamvita, ndiye aliyenipa. Alikuja hapa kila Ijumaa. Alisema bibi ana kiapo, na kiapo kikiisha utaitika. Alipougua akanituma mimi."

"Yuko wapi?"

Binti alitazama chini. "Tulimzika mwaka juzi. Nilikupigia simu mwenyewe. Ulipokea, ukauliza nani. Nilisema, bibi, nilisema mara nyingi. Ukakata."

Bi Zamoyoni hakulia hapo. Uhandisi wake ulitangulia machozi. Alitoa Mteuzi kwenye kisanduku, akavua cha zamani, akachomeka cha sasa. "Sema," alimwambia.

Midomo ya binti ilicheza. Ilicheza sana, na macho yakamlengalenga. Kimya safi, kilekile alichokuwa akijivunia. Chombo hakikuwa kibovu. Kilikuwa kimemtii.

Alikichomoa, akakitupa mezani, akarudisha cha nyuma ya sikio kikipiga mluzi. Sasa alikuwa analia kwa sauti.

"Toka nje, somo yangu. Funga mlango. Upige hodi."

"Mara ngapi, bibi?"

"Zote."

Binti akatoka. Sauti ya Mwamvita ikapenya mlango, ikaitikiwa: "Karibu, mwanangu!" Ikaja tena, ikaitikiwa tena. Ukumbini milango ya majirani ikaanza kufunguka. Walikuwa wameizoea hodi ile miaka mingi, wakiamini mama hajasamehe. Walisimama wakisikiliza hadi sauti ya binti ikaanza kukauka, na ndani ya nyumba mwanamke mzee bado anaitika.