Kitana Kwenye Ukuta wa Bomba

Kila Jumamosi asubuhi Fundi Kioo aliosha miko yake ya plasta, hata kama haikuwa na uchafu. Aliisugua, akaifuta kwa kitambaa, kisha akaipanga juu ya ndoo iliyopinduliwa, mkubwa mbele, mdogo nyuma. Mkewe alimtazama na kusema laiti na yeye angezaliwa mwiko.

Jina la Kioo alipewa na watu wa mtaa. Ukuta aliopiga plasta yeye haukuwa na wimbi wala nundu. Mkono ulipita juu yake kama juu ya kioo. Alijivunia kazi yake, na hakuna aliyemlaumu kwa hilo.

Jumamosi hizo hizo, jirani yao mmoja alipita mbele ya nyumba na kundi la watu nyuma yake. Alikuwa mshonaji. Watu walimwita Bi Raba, kwa kuwa hata akivaa gauni la harusi, miguuni alivaa raba. Siku za kazi alishona. Jumamosi alifunika cherehani, akawatembeza watu mtaani na kuwasimulia historia yake. Yeyote aliweza kujiunga. Hakukuwa na kiingilio wala kujiandikisha. Walikutana kwenye kona ya kinyozi, wakatembea polepole, wakasimama hapa na pale. Bi Raba alieleza palikuwa na nini zamani, na nani aliishi pale. Mwenye swali aliuliza. Mwenye kumbukumbu aliongeza.

"Mimi nimezaliwa mtaa huu," Fundi Kioo alimwambia siku moja. "Utanionyesha nini?"

"Unachokipita kila siku," Bi Raba akajibu.

"Kwa bei gani?"

"Bure."

"Cha bure ni ghali, jirani."

"Basi endelea kuosha miko," alisema Bi Raba, akaenda zake na watu wake wakicheka.

Mlangoni alikuwa ameketi mama yake Fundi Kioo, ambaye nyumba nzima ilimwita Bibi. Miguu yake ilikuwa dhaifu. Hakuweza kwenda mbali bila bega la kushika. Lakini masikio yake yalilifuata lile kundi mpaka lilipokata kona.

"Mwanangu, nipeleke na mimi," alisema. "Nina kitu changu huko. Nataka mjukuu wangu akione kabla macho yangu hayajafunga duka."

"Wiki ijayo, mama."

Wiki ijayo ilikuja na kazi. Iliyofuata nayo ikaja na kazi. Bibi hakulalamika. Jioni wakati mwingine alianza kusimulia habari za usichana wake. Fundi Kioo alimkatiza kwa upole: "Hiyo nimeisikia, mama." Na kweli alikuwa ameisikia. Alikuwa ameisikia mianzo yake tu. Mwisho wa hadithi hata moja hakuujua.

Basi akapata kazi kwenye ghala moja, upande wa pili wa mtaa. Mwenye ghala alitaka ukuta wa nje upigwe plasta na kupakwa rangi, ili aandike matangazo ya biashara yake. Ukuta ulikuwa mrefu, kwa hiyo akawachukua mafundi wawili. Wa pili aliitwa Chapuchapu, na sababu ya jina lake itaonekana sasa hivi.

Waligawana ukuta katikati. Upande wa Fundi Kioo ulikuwa umejaa mikwaruzo. Kulikuwa na samaki, nyota, jembe, kitana. Akafikiri ni utundu wa watoto wa zamani. Akashika nyundo na tindo, akaugonga ukuta wote, inchi kwa inchi, mpaka ukawa na vishimo kila mahali. Fundi mzuri hufanya hivyo, maana plasta haishiki kwenye ukuta wa zamani usiogongwa. Kile kitana kilikuwa katikati ya ukuta, karibu na pale walipogawana. Alikiona vizuri. Kilikuwa na jino moja lililokatika. Akaweka tindo juu yake, akapiga.

Chapuchapu hakugonga kitu. Alirusha maji ukutani, akarusha plasta, akasawazisha, akakaa kivulini. Fundi Kioo alimwambia kwamba plasta hiyo itamwangukia usoni siku moja. Chapuchapu akajibu kwamba siku hiyo yeye atakuwa kwenye kivuli kingine.

Kazi ilianza Jumatatu, ikaisha Ijumaa. Kesho yake, Jumamosi, mvua kubwa ikazuia matembezi. Iliyofuata, anga ilikuwa safi, na Fundi Kioo hakuwa na kazi. Akaona atimize ahadi. Bibi alivaa nguo yake nzuri. Bega moja lilikuwa la mwanawe, la pili la mjukuu wake, msichana wa shule. Mke wa fundi alibeba maji ya kunywa.

Mwanzoni Fundi Kioo alitembea kama mtu anayesindikiza wageni. Kisha walisimama mbele ya duka la simu. Bi Raba akaeleza kwamba zamani lilikuwa duka la fundi viatu. Bibi akaongeza kwamba fundi viatu huyo alishona viatu vya mtaa mzima, ila vyake mwenyewe vilicheka kwa vidole. Watu wakacheka sana. Kila waliposimama, Bibi alikuwa na neno, na Bi Raba alinyamaza ili ampishe. Fundi Kioo alimtazama mama yake. Hakuwahi kujua kwamba anaweza kuwachekesha watu. Moyoni akaanza kuhesabu hadithi alizozikatiza, akaacha.

Walipokaribia kona ya mwisho, Bi Raba alieleza kituo kinachofuata. Zamani mtaa mzima ulikuwa na bomba moja tu la maji. Wanawake na wasichana walipanga ndoo zao kando ya ukuta tangu alfajiri. Wengi hawakujua kusoma. Kwa hiyo kila nyumba ilikwaruza alama yake ukutani, juu ya mahali ndoo yake inapokaa. Ukiona alama, umemjua mwenye zamu. Hakuna aliyethubutu kuisogeza ndoo ya mwenzake.

"Tulikuwa na wimbo wetu pale," alisema Bibi. Akauimba, kwa sauti nyembamba iliyokuwa bado na uchokozi wa kisichana:

"Ndoo yangu ina zamu, alama yangu i hapa;
usinipite, binamu, hata ukiwa na pupa."

Mjukuu wake akamwuliza alama yao ilikuwa nini.

"Kitana. Mama yangu alikuwa msusi. Nilikichora mimi mwenyewe kwa msumari. Jino moja likanikatikia, nikachapwa kwa sababu yake."

Fundi Kioo akapunguza mwendo. Alitaka kusema kitu, lakini kundi lilikuwa limeshakata kona.

Ukuta ulikuwa mweupe, umenyooka, unang'aa.

Bi Raba alisimama, mkono bado juu, kama mtu aliyekuwa akionyesha kitu na kitu kikaondoka. Bibi akaachia mabega aliyoyashika. Akaenda peke yake mpaka ukutani, akaweka kiganja katikati yake, akakipitisha taratibu, juu, chini, pembeni.

"Kilikuwa hapa," alisema.

Bi Raba akasema kwa haraka kwamba labda bado kipo chini, na plasta inaweza kubanduliwa kwa uangalifu. Inategemea fundi aliupigaje ukuta.

"Ni mimi," alisema Fundi Kioo. "Na sipigi plasta bila kugonga. Hakuna kitu chini."

Bibi aligeuka, akamtazama mwanawe. Uso wake haukuwa na hasira, na hilo ndilo lililomkata maini.

"Nilikwambia nina kitu changu huku."

"Uliniambia, mama."

"Hukuniuliza ni nini."

Jioni Bi Raba alikuja nyumbani kwao. Fundi Kioo alikuwa ukumbini, miko yake haikuoshwa siku hiyo. Bi Raba alisema kosa si la mtu mmoja. Yeye alikuwa akiwaeleza wageni kila wiki, lakini yeye mwenyewe hakuwahi kwenda kwa mwenye ghala kumwambia.

Mke wa fundi aliuliza swali la haki. Je, watu wasijenge? Wasitengeneze nyumba zao?

"Jengeni," alisema Bi Raba. "Lakini kabla hujagonga kitu cha zamani, mtafute aliyekaa hapo miaka mingi kuliko wewe, umuulize. Piga picha. Waambie wanaojua historia ya mtaa, waje waone. Ikiwezekana, acha kipande. Kuuliza hakuzuii kazi, wifi. Kunaichelewesha kidogo tu."

"Na kilichokwisha kugongwa?" aliuliza Fundi Kioo.

"Hicho hakirudi. Kimebaki kichwani mwa mama yako. Anzeni huko, na msichelewe."

Tangu jioni ile, Bibi aliposimulia, hakuna aliyemkatiza. Mjukuu wake aliandika na kuchora. Alama nyingine Bibi alizikumbuka vizuri. Nyingine alizitafuta, akafumba macho, akatikisa kichwa. Fundi Kioo alikuwa amekaa karibu. Kila kichwa kilipotikisika, aliangalia mikono yake.

Masika yakaja. Plasta ya Chapuchapu ikavimba, ikapasuka, ikaanguka vipande vizima. Chapuchapu mwenyewe hakuonekana, alikuwa kwenye kivuli kingine kama alivyoahidi. Mwenye ghala akamwita Fundi Kioo amalizie. Akaenda na tindo lake. Alipofika akaliweka chini.

Pale plasta ilipoanguka, alama zilikuwa zinamtazama, safi kama zilivyokwaruzwa. Ndege, ufunguo, mwezi mchanga. Fundi mbovu alikuwa amezitunza. Fundi mzuri alikuwa amezifuta.

Fundi Kioo alimwambia mwenye ghala habari yote ya bomba na ya mama yake. Kisha akamwomba akiache wazi kipande chenye alama. Yeye atatengeneza sehemu iliyobaki bila malipo, na atakizungushia kipande hicho ukingo ili mvua isikiharibu.

"Cha bure ni ghali," alisema mwenye ghala kwa mashaka.

"Kweli ni ghali," alisema Fundi Kioo. "Lakini hiki mimi nimeshakilipia."

Mwenye ghala aliupima ukuta kwa macho. Mwisho akasema matangazo yake yanaweza kukaa juu kidogo.

Jumamosi iliyofuata walimpeleka Bibi. Alitazama kwa karibu, uso wake ukigusa ukuta. Kitana hakikuwepo. Alijua hakitakuwepo. Lakini alipofika kwenye ule mwezi mchanga, akacheka peke yake.

"Huyu alikuwa nyuma yangu kwenye foleni," alimwambia mjukuu wake. "Mwongo huyu! Kila siku alisema kwao kuna mgonjwa, ili apite mbele." Kisha akasogea hatua moja, akaweka kiganja kwenye plasta laini ya mwanawe. "Basi mimi nilikuwa hapa."

Siku hizi Fundi Kioo huenda kwenye matembezi. Watu wa mtaa wanaokuja wameongezeka. Wazee huletwa na watoto wao, na mtu akitaka kubomoa kibaraza au kubadilisha mlango wa zamani, humwita kwanza Bi Raba. Kwenye ukuta wa bomba, Bi Raba hurudi nyuma, naye Fundi Kioo ndiye hueleza.

Wiki iliyopita kijana mmoja alipitisha mkono upande wa ukuta ulionyooka. Akasema hajawahi kuona plasta iliyopigwa vizuri namna hii, akauliza ni kazi ya nani.

"Yangu," alijibu Fundi Kioo. "Ingekuwa mbaya, ungeona kitana cha mama yangu."