Picha ya Babu Itatoka Lini?

Babu alifariki Jumanne, saa kumi na moja alfajiri.

Alhamisi walimzika nyuma ya nyumba, karibu na migomba. Mjukuu wake Nakijwa alisimama mbele, kwa sababu ni mdogo. Ana miaka sita.

Msalaba ulikuwa na jina la Babu. Haukuwa na picha. Umeme ulikuwa umekatika mlimani kwao, ukakatika na mjini. Hakuna aliyeweza kuchapa picha.

Picha ya Babu ilikuwa moja tu. Ilikuwa ndani ya simu ya Mama. Babu amevaa koti la kijani. Anacheka.

"Nionyesheni," alisema Bibi.

Mama akampa simu. Bibi akaisogeza karibu. Akaisogeza mbali.

"Naona mwanga," alisema Bibi. "Mume wangu simwoni."

Jumamosi ya wiki iliyofuata ilikuwa siku ya kuanua tanga. Ndugu wote wangekuja. Wangekula pamoja, na msiba ungeisha.

"Watu watakaa mezani," alisema Bibi. "Mwenye nyumba asiwepo, hata kwa picha?"

Akageukia ukuta. Chakula chake kikapoa.

Siku mbili kabla ya kuanua tanga, Mama na Nakijwa walishuka mjini. Walikwenda kwa Kaka Mbazi. Kaka Mbazi huchapa picha, na huuza mashine za kuchapia.

Dukani kulikuwa na giza.

"Pole na msiba, dada," alisema Kaka Mbazi. "Na wewe, bosi mdogo, pole. Umeme bado. Labda utarudi usiku. Labda kesho."

Mama alifikiri.

"Ukirudi usiku, wewe umefunga duka," alisema. "Na sisi tuko mlimani. Basi mashine nayo iwe mlimani. Nitachapia na karatasi za watoto ninaowafundisha chekechea."

Kaka Mbazi akawasha tochi. Akamulika printa ya kwanza.

"Hii ni moto wa kuotea mbali! Inachapa mbio mbio."

"Ina rangi?" aliuliza Mama.

"Nyeusi tu."

"Koti la Babu ni la kijani," alisema Nakijwa.

Kaka Mbazi akamulika printa ya pili. Ilikuwa kubwa kama kabati.

"Hii inafanya kila kitu. Chai tu ndiyo haipiki."

Akataja bei. Mama akafunga pochi.

Kaka Mbazi akamulika printa ya tatu. Ilikuwa ndogo.

"Hii ni ya wino. Rangi inazo. Bei yake ya kawaida. Ila ni ya polepole."

"Babu naye alikuwa wa polepole," alisema Nakijwa.

"Na wino wake ukiisha, nitaupata wapi?" aliuliza Mama.

"Hapa hapa."

"Nionyeshe."

Kaka Mbazi akamwonyesha. Ndipo Mama akafungua pochi.

Nyumbani, Mama aliweka printa mezani. Bibi aliitazama. Alisimama, akaenda chumbani, akarudi na kitambaa cheupe cha kufuma.

Kwa Bibi, kila mashine ina kitambaa chake. Redio ina kitambaa. Televisheni ina kitambaa. Hata jiko la gesi lina kitambaa.

"Isiingie vumbi," alisema Bibi, akaifunika printa. Nyuzi za pembeni zilining'inia.

Ijumaa mchana, taa iliwaka.

"Umeme!" alipiga kelele Nakijwa. "Mama! Umeme!"

Mama alisoma maelekezo. Aliweka wino. Aliweka karatasi. Aliunganisha simu. Akabonyeza.

Zii-zaa, zii-zaa, tak!

Karatasi ilitoka.
Babu hakutoka.

Karatasi ilikuwa nyeupe, juu na chini.

Nakijwa aliinama. Alichungulia ndani ya printa.

"Babu hayumo," alisema.

"Hayumo, mwanangu," alisema Mama. "Babu tulimzika. Humu inatoka picha tu."

"Picha itaongea?"

"Haitaongea."

"Itacheka?"

Mama aliitazama picha kwenye simu.

"Itacheka kama alivyocheka siku ile. Basi."

Mama alifungua mfuniko. Akatoa wino. Chini ya wino kulikuwa na utepe mdogo wa njano.

"Jamani, sikuubandua!" alisema Mama. "Wino ulikuwa umezibwa mdomo."

Akaubandua utepe. Akarudisha wino. Akafunga mfuniko.

Bibi akaja haraka na kitambaa chake. "Vumbi," alisema. Akaifunika printa vizuri, juu na pembeni. Mama hakuona. Alikuwa anatazama simu. Akabonyeza.

Zii-zaa, zii-zaa... grrr. Grrr. Kwi.

Kimya.

Karatasi haikutoka.
Babu hakutoka.

Taa nyekundu iliwaka. Printa ilikuwa imemeza nyuzi za kitambaa.

"Bibi!" alisema Mama. "Printa haifunikwi ikiwa inafanya kazi! Karatasi ingepita wapi?"

"Redio naifunika, na inaimba," alisema Bibi.

"Redio hailishwi karatasi, Bibi!"

Bibi alikaa chini.

"Nimemharibia hata picha," alisema.

Mama alishika kitambaa ili akivute.

"Usivute!" alisema Nakijwa. "Itavunjika!"

Mama aliachia. Alichomoa waya ukutani kwanza. Kisha akafungua mfuniko. Nyuzi zilikuwa zimejizungusha ndani, kwenye gurudumu jembamba. Vidole vya Mama havikupita.

"Vyangu vinapita," alisema Nakijwa.

Akaingiza vidole viwili. Polepole. Uzi ulikuwa umekaza. Haukutaka kutoka.

"Kitambaa kikatwe," alisema Nakijwa kwa sauti ndogo. Alimwangalia Bibi. Kitambaa kile Bibi alikifuma masika yote.

Bibi alisimama. Alichukua mkasi yeye mwenyewe.

"Kitambaa nitafuma kingine," alisema. "Mume sitapata mwingine."

Kacha. Kacha. Kacha.

Nakijwa alivuta uzi mmoja. Akavuta mwingine. Akavuta na karatasi iliyokunjamana. Akamulika ndani kwa simu. Hapakuwa na uzi tena.

Mama alifunga mfuniko, akarudisha waya ukutani. Taa nyekundu haikuwaka. Taa ya kijani iliwaka.

Juu ya printa hapakuwa na kitu.

"Sasa bonyeza wewe," alisema Mama.

Nakijwa akabonyeza.

Zii-zaa.

Nywele nyeupe zilitoka.

Zii-zaa.

Paji la uso likatoka. Macho yakatoka.

Zii-zaa.

Pua. Meno. Lile pengo la mbele.

Mama aliziba mdomo kwa kanga.

Zii-zaa, zii-zaa, tak!

Karatasi ilitoka.
Picha ya Babu ilitoka.

Bibi alinyoosha mkono.

"Bado, Bibi!" alisema Nakijwa. "Wino ni mbichi. Ukimgusa atafutika."

Bibi alirudisha mkono. Akauweka mapajani. Akasubiri.

Picha ilikuwa kubwa. Bibi hakuisogeza karibu. Hakuisogeza mbali.

"Koti si hili," alisema. "Hili ni la bluu."

"Rangi imekosea kidogo," alisema Mama. "Nichape tena?"

"Acha," alisema Bibi. "Koti si lake. Uso ni wake."

Kisha akalia. Alilia sana. Nakijwa alikaa karibu naye mpaka akamaliza.

"Imekauka?" aliuliza Bibi.

Nakijwa aligusa ukingo wa karatasi. Aliangalia kidole chake. Kilikuwa safi.

"Imekauka."

Bibi akagusa shavu la Babu.

Jumamosi ndugu walikuja. Walikuwa wengi. Picha ilisimama mezani, kati ya sufuria ya wali na jagi la maji.

"Karibuni," alisema Bibi. "Mwenye nyumba ni huyu hapa."

Ndugu mmoja wa Babu aliitazama. "Shemeji, koti hili alinunua lini?"

"Amenunuliwa na printa," alisema Bibi.

Watu wakacheka. Bibi naye akacheka kidogo. Kisha wakala, wakaomba, wakaagana.

Jioni nyumba ilikuwa na nafasi kubwa. Kiti cha Babu kilikuwa kitupu. Nakijwa alipanda kitandani kwa Bibi.

"Babu hatatoka tena," alisema.

"Hatatoka," alisema Bibi.

Alimfunika Nakijwa shuka. Akazima taa. Wakalala.