Sanduku la Jeraman

Simu ya Lulong ilitetemeka mara tu boti ilipoiacha gati ya Sibu.

"Mama amepika?"

"Ndiyo kwanza ameinjika."

Ishara ilikuwa sahihi. Sauti ya Mkuu wake ikashuka. "Wajumbe kumi na wawili wamo humo. Mmoja amepandikizwa na wezi wa magogo. Anataka sanduku. Asishuke nalo gati ya Song."

"Ni yupi?"

"Ningemjua ningekupigia?"

Simu ikakatika.

Lulong anak Belayong, mwanamke mwenye miaka kumi na mmoja katika idara ya usalama, alifunga zipu ya jaketi. Ndani ya boti ya mwendokasi baridi ilikuwa ya jokofu, na runinga ilionyesha mieleka kwa kelele za kupasua masikio. Kwapani alikuwa na bastola ya Walther. Mfukoni, kalamu ya umeme yenye uwezo wa kumlaza fahali.

Kiti cha mbele alikaa Jeraman, katibu wa vijana, mwembamba kama ufito, sanduku la bati katikati ya miguu yake. Ndani mlikuwa na fomu elfu nne na mia nane, kutoka kila wilaya ya jimbo la Sarawak. Kila fomu ina jina, kijiji na sahihi. Miaka miwili alikuwa amepanda na kushuka mito akizikusanya, nyumba ndefu baada ya nyumba ndefu, kila moja kijiji kizima chini ya paa moja. Kesho, mjini Kapit, zingezaa umoja mmoja wa vijana wa jimbo zima.

Waliozitia sahihi ndio vijana waliokuwa wakiyapiga picha magogo ya wizi. Fomu zikiwafikia wenye magogo, watajua milango ya kugonga.

Wawili wa kwanza walikwisha kuokotwa mtoni wakiwa maiti. Taarifa ilisema mamba. Lulong aliziona picha.

Mamba hamfungi mtu mikono kwa waya.

Kikulacho ki nguoni mwako, na leo nguo ilikuwa na watu kumi na wawili. Lulong aliwatazama mmoja mmoja, akaona nyuso changa tu, zenye usingizi. Aliogopa, wala hakujidanganya kwamba haogopi.

Indai Sulau, mama kutoka Kanowit aliyejitwika ulezi wa wajumbe, alisimama na kikapu cha wali wa kunata uliochomwa ndani ya majani ya mgomba.

"Kuleni, wanasiasa! Njaa haipigi kura!"

Wenye njaa wakachukua. Jeraman, aliyekuwa akichafukwa na tumbo, aligusa jani kwa ncha ya kidole. Msichana kutoka Belaga alikuwa amelala. Jirani yake akauinua mkono wake na kumgusisha jani. Watu wakacheka.

Kikapu kikamfikia Nyandang, mjumbe wa Lubok Antu, aliyewachekesha wenzake tangu asubuhi.

"Nimeshiba, mama."

"Gusa basi, mwanangu."

"Ya nini?"

"Ya nini! Chakula ukikikataa bila kukigusa, balaa linakufuata hadi mlangoni. Mchungaji wangu anagusa! Daktari anagusa! Wewe umelelewa na nani?"

"Hayo mambo ya kizamani, mama," Nyandang alisema, akarudi kwenye simu yake.

Wote wakacheka tena. Lulong hakucheka.

Mtoto wa nyumba ndefu anaweza kuacha sala, kuacha kwao, hata kuacha mke. Lakini kidole chake hutangulia kabla hajafikiri. Waliomtuma huyu walimfundisha lugha, mito, hata majina ya mababu. Kidole walikisahau.

Boti ikapunguza mwendo. Song ilikuwa karibu.

"Katibu, umekuwa kijani," Nyandang alisema kwa huruma. "Nenda kajimwagie maji. Nitakushikia sanduku."

Jeraman akaenda, mdomo ameuziba kwa kiganja.

Nyandang akalibeba sanduku na kuelekea mlango wa nyuma.

Lulong akamfuata.

Nje, injini zilinguruma na jua liliunguza. Boti ndogo yenye injini mbili za Yamaha ilikuwa ikisogea ubavuni.

"Kaka, gati iko upande ule."

"Rudi ndani, dada. Jua litakuharibu."

Nyandang akachomoa kisu haraka. Lulong aliinama. Kilipasua jaketi, kikakosa mbavu.

Kalamu ikamgusa shingoni.

Nyandang akaanguka kama gunia la pilipili. Sanduku likateleza hadi ukingoni, na Lulong akalizuia kwa kisigino.

Akainyooshea boti ndogo Walther yake. Dereva wake hakusubiri kuambiwa. Aligeuza na kutokomea.

Simu ikatetemeka.

"Mama?"

"Ameshaipua. Nimemfunga kwenye nguzo."

"Vijana wangu watamchukua Song. Sasa sanduku. Lifungue, piga picha kila fomu, unitumie."

"Za nini, Mkuu?"

"Elfu nne na mia nane, Lulong. Hata sisi tunapenda kuwajua wanetu."

Alilitazama sanduku. Lilikuwa kavu, kufuli lake zima. Akaikumbuka mikono ile yenye waya, na kwa mara ya kwanza akajiuliza waliowafunga walipata wapi yale majina mawili.

"Lilianguka mtoni, Mkuu. Nimelivua. Karatasi zimekuwa uji."

"Zote?"

"Nimetia mkono ndani. Hakuna iliyopona."

"Utaandika hivyo kwenye ripoti? Kwa jina lako?"

"Kwa jina langu."

Simu ikakatika.

Jeraman alitokea mlangoni, uso umelowa maji, akamwona mtu aliyefungwa. Lulong akalisukuma sanduku kwake.

"Usimpe tena mtu akushikie."

"Hata wewe, dada?"

"Mimi hasa."

Akavaa miwani ya jua, akashuka Song katikati ya vikapu vya nanasi, akawapita taratibu vijana wawili wa Mkuu, wasio na sare, waliokuwa wakimsubiri Nyandang.