Jagi la Kijani la Newala

"Newala maji yamefika."

Simu ikakatika.

Julia akawasha pikipiki yake, Boxer. Kwa mji ule wenye shida ya maji mwaka mzima, hakuna ambaye angesema hivyo kwa mzaha. Ilikuwa amri: mzigo unaondoka leo. Uzuie.

Aliiacha Masasi nyuma, akaupanda mlima kuelekea Newala. Siti ya nyuma ilikuwa ya Zabroni, mpelelezi mwenzake. Mwaka jana Zabroni aliufuatilia mzigo wa Lorentz, mtu anayemwendea leo, akaokotwa chini ya genge, upande wa mto Ruvuma, shingo imevunjika. Tangu siku hiyo kila Julia akiupanda mlima ule alihisi mtu amemwinamia begani, anataka kusema neno.

Aligeuka.

Hakukuwa na mtu.

Lorentz alimpokea kwenye ghala la korosho alilokodi. Mgeni mwenye mvi, mkusanyaji wa vioo vya kale, aliyepita nyumba za wazee wa misheni akinunua majagi na mabakuli.

"Shikamoo."

"Marahaba, Mama Glory. Umeniletea?"

Ndilo jina alilojipachika kwa kazi hii. Alifungua kanga. Ndani mlikuwa na jagi la bibi yake wa Chiwata, la rangi ya limao bichi, shingo nyembamba, majani yamechongwa ubavuni.

Lorentz alilipokea kama mtoto mchanga. Akalielekeza kwenye mwanga wa mlango.

"Limepulizwa kwa mdomo," alinong'ona. "Unaona mapovu? Pumzi ya mtu aliyekufa zamani imo humu."

Julia alichungulia, akayaona.

Mgeni akausukuma mlango kwa mguu. Giza. Akawasha tochi yenye mwanga wa zambarau, na jagi likawaka kijani, kama jicho la paka.

"Lina urani kidogo, madini yenye mionzi. Haidhuru."

"Ndiyo maana vipima mionzi vya mpakani vikilia, unawaonyesha askari vioo?"

Tabasamu likamkauka.

Julia alichomoa kipima mionzi. Karibu na jagi kililia taratibu: tik, tik. Alipokisogeza kwenye masanduku kilipiga kelele kama kichaa. Vioo vilipangwa juu tu. Chini yake yalijaa makopo ya unga wa urani, yakisubiri wanunuzi ng'ambo ya mto.

Mkono wa Lorentz ulitaka bastola. Lakini mmoja ulishika tochi, mwingine jagi, na jagi hakuweza kuliangusha. Aliinama kulitua polepole juu ya sanduku.

Alichelewa.

Beretta ya Julia ililia mara moja. Lorentz akaanguka, bega linavuja damu. Pingu zikafunga.

"Zabroni, mwenzangu," Julia alimwuliza Lorentz. "Ulimsukuma gengeni?"

Lorentz alilitazama jagi juu ya sanduku, akajibu: "Akianguka alisema kitu kwa lugha yenu. Sikukielewa. Lakini nakisikia kila nikilala."

Akakitamka, vibaya, silabi moja moja. Kilikuwa Kimakonde.

Julia alikielewa. Zabroni alikuwa akimwita mama yake.

Redio ikakwaruza, ikamwita Julia kwa jina lake la siri. "Kituo kwa Sindano. Mzigo?"

"Umezuiwa. Leteni watu wa mionzi. Na daktari."

"Safi. Rudi Masasi upumzike."

"Bado. Naenda kwa mama yake Zabroni."

"Utamwambia nini?"

"Kwamba alimwita."

Askari walipoingia mbio alizima redio, akawapisha mlangoni, akatoka kwenye jua la mchana kwa mwendo wa mtu aendaye sokoni.