Sweta la Luisa

Ukumbi wa disko wa Upepo, pale Mbinga mjini, kila aliyefika ana lake la kusema. Miaka ile ya ruksa, biashara binafsi ilipofunguliwa, tajiri mmoja alinunua ghala la kahawa, akapaka madirisha rangi nyeusi, akaligeuza disko. Mmoja alipata mchumba humo, mwingine alitoka bila viatu. Rafiki yangu Sekela, karani Mmoravian aliyehamishiwa kutoka Tukuyu, hapendi hata kuutaja.

Alikwenda kurudisha sweta. Luisa, muuza vinywaji wa pale, alikuwa amemwazima siku ya baridi kali. Ilikuwa Ijumaa alasiri. Alikuta mlango wazi, ndani giza. Hakukuwa na muziki, ila nyayo nyingi zikisugua sakafu kwa mpigo mmoja.

"Luisa?" aliita.

Nyayo hazikusimama. Mkono ukapokea sweta, sauti ya kike ikasema, "Asante, dada." Sekela akaondoka, akidhani wanafanya mazoezi.

Nje ya kanisa Katoliki akamkuta Luisa anatoka ibada ya Njia ya Msalaba.

"Sweta lako nimempa mwenzako ukumbini."

"Mwenzangu nani? Hii ni Kwaresima, dada. Tumefunga ukumbi tangu Jumatano ya Majivu." Akamwonyesha ufunguo, ameufunga pamoja na rozari yake.

Wakaenda wote wawili. Mlango ulikuwa na kufuli. Luisa akalifungua, akawasha taa. Viti vilikuwa vimepinduliwa juu ya meza, na vumbi la sakafuni halikuwa na alama hata moja ya unyayo. Sweta lilikuwa katikati ya ukumbi. Sekela akaliokota.

Lilikuwa limelowa jasho, na bado lilikuwa na joto.